Doa kwenye picha ya jua: lilikotoka na la kufanya

Ufuko wa Kigoma unatazama magharibi. Ukisimama Kibirizi, Katonga au Ujiji, jua huzama mbele yako, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyuma ya milima ya Kongo, karibu saa moja jioni, takriban dakika 40 baada ya wenzetu wa Dar es Salaam kuliona likipotea. Ndiyo saa ambayo simu nyingi huinuliwa, na ndiyo saa ambayo maswali huanza. Hili doa la kijani juu ya maji ni nini? Mbona katikati ya jua pana weusi? Mbona yapo majua mawili?

Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili, na yote yanawaumiza watu. La kwanza ni kwamba kamera imekufa, ibadilishwe. La pili ni kwamba angani kuna kitu, sayari iliyojificha au dalili ya siku za mwisho, na ujumbe husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata giza halijaingia. Madoa mengi si lolote kati ya hayo. Ni mwanga unaorudi-rudi ndani ya lenzi, na mwenye simu anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe papo hapo bila kutoa hela. Hapa tunafuata dalili. Ndani ya kila dalili, sababu ya kawaida imetangulia na ya nadra imekuja mwisho.

Kwanza macho

Kamera inabadilishwa, jicho halibadilishwi. Ukipiga picha ya jua, tazama skrini tu, usichungulie pembeni ya simu kulitafuta jua lenyewe. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha haina neva za maumivu, kwa hiyo inaungua bila kuuma, na mtu hugundua saa kadhaa baadaye anapoona kiwi au doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Darubini ya aina yoyote, hata ile ndogo ya kutazamia sokwe Gombe, isielekezwe kwenye jua na mtu akachungulia. Hilo halina "kidogo tu".

Vipimo vitatu kabla ya kumlaumu mtu

Anza na mwendo. Fungua kamera bila kupiga picha, weka jua upande wa kushoto wa skrini, kisha geuza simu polepole mpaka jua lihamie kulia. Tazama doa linafanya nini. Likikimbilia upande wa pili, kinyume na jua, ni akisi ya mwanga ndani ya lenzi. Likibaki limeganda mahali pamoja pa skrini wakati jua linahama, tatizo liko kwenye kifaa: vumbi, unyevu, mkwaruzo au sensa, yaani kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Likienda pamoja na jua bila kuachana nalo, ama mwanga umeizidi nguvu sensa, ama kitu kweli kiko angani karibu na jua.

Kipimo cha pili: geukia kitu kingine. Piga picha ya ukuta mweupe au karatasi nyeupe mahali penye kivuli. Doa lililoonekana kwenye jua tu na kutoweka kwenye karatasi mara nyingi ni la mwanga, si la simu.

Cha tatu husahauliwa sana: itume ile picha kwa mtu mwingine, uitazame kwenye simu yake. Skrini nyingi zina madoa yake, hasa zilizowahi kubanwa mfukoni au kubadilishwa kioo. Doa lisipoonekana kwenye simu ya pili, kamera yako haina kosa.

Kama simu ina kamera mbili au tatu nyuma, badilisha kutoka moja kwenda nyingine ukiwa umelenga jua lile lile. Kila kamera ina lenzi yake na sensa yake. Doa linalobadilika umbo na mahali kila ukibadilisha kamera ni akisi. Doa lililo kwenye kamera moja tu, na limeganda, ni la kamera hiyo.

Dalili: doa la kijani, la bluu au la zambarau mbali na jua

Hili ndilo linaloongoza kwa kuulizwa. Jua liko juu kushoto, na chini kulia, juu ya maji au juu ya mtumbwi, kuna kidoa kinachong'aa, mara nyingi cha kijani kibichi.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo, ni akisi ndani ya lenzi. Lenzi ya simu si kipande kimoja. Ni vipande kadhaa vidogo vya plastiki au kioo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na nyuma yake kuna kichujio na sensa. Kila uso wa kioo hurudisha sehemu ya mwanga. Kioo kisicho na mpako hurudisha karibu asilimia 4. Watengenezaji hupaka mipako ya kupunguza hilo, ila mpako haupunguzi rangi zote kwa kiasi kile kile, na ndiyo maana kinachobaki kina rangi. Mwanga hurudishwa mara mbili ndani humo kabla ya kutua kwenye sensa mahali pasipo pake. Kinachofika ni sehemu ndogo mno ya mwanga wa jua, lakini jua lina mwanga mwingi kiasi kwamba hata hiyo inaonekana.

Uthibitisho ni rahisi na unapendeza kuufanya. Chora kwa kidole mstari kutoka kwenye jua kupita katikati kabisa ya picha, uendelee umbali ule ule upande wa pili. Doa litakuwa hapo. Ukiliweka jua katikati ya picha, doa linaingia chini ya jua na kupotea.

Akisi hiyo pia imepinduliwa, juu chini na kushoto kulia. Hili linaeleza picha nyingine zinazozua maneno hapa kwetu: usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na taa zao, mtu hupiga picha kutoka ufukoni na kukuta msururu wa taa nyingine hafifu angani, umepangika kama ule wa chini lakini kinyume. Hakuna chombo chochote kilichoruka. Ni taa zile zile za wavuvi, zimerudi kwa njia ile ile ambayo jua hurudi.

Sababu ya pili ni protekta ya kamera, kile kioo cha kubandika juu ya lenzi. Nyingi zinazouzwa hazina mpako wowote, kwa hiyo zinaongeza nyuso mbili za kurudisha mwanga mbele ya lenzi iliyokuwa nzuri. Ibandue, upige picha ile ile tena. Mara nyingi doa linafifia au linabaki moja badala ya matatu. Mimi nashauri kutoiweka kabisa kwa mtu anayependa kupiga picha za machweo. Kioo halisi cha kamera ni kigumu kuliko watu wanavyodhani, na protekta iliyokwaruzika inaharibu picha za kila siku, si za jua peke yake.

Ya tatu ni kava. Kava lenye ukingo mnene unaong'aa, hasa la plastiki angavu lililopauka, hurusha mwanga pembeni ya lenzi. Livue ujaribu.

Dawa ya akisi ya ndani ya lenzi si kutengeneza simu, ni kusogea. Ficha jua kidogo: lisimamishe nyuma ya shina la mchikichi, nyuma ya tanga au kichwa cha mtu, liache lichungulie tu. Kama jua liko nje kidogo ya picha lakini bado mwanga unaingia na kufanya picha nzima ipauke, kinga lenzi kwa kiganja kutoka upande wa jua. Kama lazima jua lionekane lote, peleka doa mahali ambapo halitaonekana, kwa mfano juu ya maji yanayometameta, badala ya juu ya uso wa mtu au anga tupu. Piga mbili au tatu huku ukiinamisha simu kidogo kila mara, ili doa likae mahali tofauti. Baadaye utachagua iliyo safi, au utalifuta kwa kifutio cha programu ya picha bila kuharibu kitu.

Na kuna wakati doa hili ni zawadi. Siku ya kupatwa kwa jua, jua kwenye picha hujaa mweupe mtupu kwa sababu mwanga umezidi, lakini akisi yake ni hafifu vya kutosha kuonyesha umbo halisi. Tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua kwa umbo la pete kulipopita kusini mwa Tanzania na watu wakakusanyika Rujewa, Mbarali, sehemu nyingine za nchi ziliona jua likimegwa tu. Siku kama hiyo, simu ya kawaida isiyo na kichujio inaweza kutoa kidoa cha kijani chenye umbo la hilali pembeni ya picha, wakati jua lenyewe kwenye picha ile ile linaonekana duara zima.

Dalili: majua mawili

Mara nyingi ni kitu kile kile tulichokieleza, ila akisi imekuwa kubwa na nyeupe. Anza na protekta. Kisha angalia kama picha imepigwa kupitia kioo: dirisha la gari, dirisha la hoteli, kioo cha kivuko. Dirisha hutoa jua la pili zuri kabisa. Toka nje au bandika lenzi kwenye kioo bila kuacha nafasi.

Maji nayo huchangia. Ziwa likitulia jioni, njia ya mng'ao chini ya jua ni chanzo cha pili cha mwanga mkali, na nayo ina akisi yake. Ndiyo maana picha za hapa zina madoa mengi kuliko picha za mtu aliye Kasulu shambani.

Simu za kisasa pia hupiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha. Mkono ukitikisika, au mtumbwi ukiyumba, ukingo wa jua unaweza kutoka mara mbili ukiwa umepishana kidogo. Zima HDR, yaani huo uunganishaji wa picha, kwenye mipangilio ya kamera, shika simu kwa mikono miwili, rudia.

Kuhusu sayari iliyojificha nyuma ya jua: kitu kilichoko angani hakihami ukiinamisha simu. Na kama kingekuwepo, mtu wa Ujiji na mtu wa Uvinza wangekiona upande ule ule wa jua, kwa wakati ule ule, kwenye simu za kila aina. Picha ya jua la pili ikikufikia, muulize aliyeipiga swali hilo kabla ya kuisambaza.

Dalili: weusi katikati ya jua

Hii inatisha watu, kwa sababu jua linaonekana limetobolewa. Huonekana zaidi kwenye simu za bei ya chini, kwenye simu za zamani, kwenye kamera za mbele na wakati wa kurekodi video.

Simu hupima kila nukta ya picha mara mbili: kwanza ikiwa tupu, kisha ikiwa imepokea mwanga, halafu inatoa ya kwanza kwenye ya pili. Ni sawa na kupima dagaa mwaloni: unapima ndoo tupu, unapima ndoo na dagaa, unatoa. Sasa jua ni kali kiasi kwamba "ndoo" inajaa hata ile mara ya kwanza ilipotakiwa kuwa tupu. Ukitoa, unabaki na sifuri, na sifuri kwenye picha ni nyeusi. Simu nyingi za karibuni zimewekewa njia ya kugundua hali hiyo na kulijaza jua weupe, lakini si zote.

Uthibitisho: subiri wingu jepesi lipite, au jua lishuke ndani ya ukungu wa moshi kama ule wa kiangazi, mashamba na nyika vinapochomwa na milima ya ng'ambo ikapotea. Weusi utaondoka wenyewe. Simu haijaumia. Kushusha mwanga kwa kile kitelezi cha kamera hakusaidii sana hapa, kwa sababu tatizo ni ukali wa mwanga unaoingia. Kinachosaidia ni kupunguza mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, au kungoja jua lishuke.

Weusi huo ukionekana mahali pale pale hata kwenye picha ya karatasi nyeupe, hiyo si dalili hii tena. Ruka hadi kwenye doa lisilohama.

Dalili: vidoti vyekundu vilivyojipanga kuzunguka jua

Safu za vidoti vya pinki au vyekundu, vimepangika kama wavu. Sensa ina nukta mamilioni zilizopangwa kwa mistari. Mwanga mkali ukigonga sensa hurudi ukiwa umegawanyika kwa mpangilio huo, unagonga kichujio au kioo kilicho mbele yake na kurudi tena ukiwa na umbo la wavu. Simu haina ugonjwa. Badilisha pembe, au ficha jua nusu.

Dalili: mistari mirefu ya mwanga, nyota kubwa, ukungu

Mafuta ya vidole. Karibu kila mara ni hayo, na mtu aliyetoka kula mgebuka wa kukaanga akashika simu ataona jua lake limechorwa mstari kutoka kona hadi kona. Mstari huo hukatiza upande uliofutia: ukifuta kwa kushuka, mwanga unatawanyika kwa upana.

Pulizia kwanza kuondoa mchanga, kwa sababu mchanga wa ufukoni ukisuguliwa unakwaruza. Kisha futa kwa kitambaa laini cha miwani, kwa mzunguko mdogo. Mafuta yakigoma, pumulia kioo kipate unyevu kidogo, ufute tena. Usitumie pindo la kanga lenye vumbi, wala karatasi ya chooni.

Na tafadhali usisugue lenzi kwa dawa ya meno. Ushauri huo unazunguka sana, eti unaondoa mikwaruzo. Dawa ya meno ina chembe za kusagia. Inasaga mpako tuliousema hapo juu, na baada ya hapo kila picha ya jua itakuwa na ukungu ambao hakuna kitambaa kitakachouondoa.

Mistari ikibaki baada ya usafi, kagua kioo cha kamera kwa tochi ukikiinamisha. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kutoa nyota kubwa. Kioo cha nje kinaweza kubadilishwa peke yake bila kugusa kamera, na hiyo ni kazi ya bei nafuu kuliko kubadilisha kamera nzima. Fundi akikuambia lazima vyote viwili, muulize kwa nini.

Dalili: doa limeganda, halihami hata ufanyeje

Sasa tumefika kwenye kifaa chenyewe, na hapa inabidi kwenda taratibu.

Vumbi lililoingia ndani linaongoza. Chembe iliyo mbali na sensa, chini ya kioo cha nje, haionekani siku za kawaida. Jua likiingia kwenye picha, linaangaza chembe hiyo na kutoa kiduara kipana chenye ukungu. Chembe iliyo karibu na sensa hutoa doa dogo jeusi lenye kingo zinazoeleweka, na huonekana hata kwenye picha ya ukuta. Vumbi huingia zaidi kwenye simu iliyowahi kufunguliwa na kufungwa bila gundi kurudishwa vizuri. Kuigongagonga simu kwenye kiganja hakusaidii. Hii ni kazi ya fundi mwenye mahali safi.

Unyevu unafuata. Ishara yake ni wingu jeupe katikati ya picha, asubuhi zaidi kuliko mchana, au baada ya simu kuangukia ziwani. Zima simu, usiichaji, toa laini na kava, iweke mahali pakavu penye hewa na kivuli. Usiianike juani, usiipulizie kikausha nywele, wala usiizike kwenye mchele. Apple wenyewe wanaonya wateja wao kuhusu mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuongeza madhara. Wingu likiisha kabisa na lisirudi, umepona. Likirudi kila jua linapochomoza, maji bado yamo, na maji ya ziwa yana madini yanayoacha madoa na kuozesha viunganishi. Usingoje: ipeleke ikafunguliwe.

Nukta moja moja ndogo sana, nyekundu, bluu au nyeupe, zinazoonekana zaidi usiku, ni nukta za sensa zenye kasoro. Simu nyingi zinazo chache. Kama huzioni bila kukuza picha, ziache.

Mwisho ni sensa iliyoungua. Watu huiogopa kuliko inavyotokea. Kwenye kamera ya kawaida ya simu, picha ya jua inayotua juu ya sensa ina upana wa takriban sehemu 5 za mia za milimita, na picha ya haraka haidhuru. Hatari huja mtu anapoitegesha simu jua likiwa ndani ya picha muda mrefu ili apate video ya kuharakishwa, hasa mchana jua likiwa juu, na huwa kubwa mno anapobandika lenzi ya kuvutia mbali au kuiweka simu kwenye tundu la darubini. Hapo mwanga umekusanywa, na sekunde chache zinatosha. Alama yake ni doa au mstari wa rangi, zambarau au njano, usiohama kwenye kila picha na kila video.

Kisababishi kingine hakihusiani na jua, ingawa jua ndilo hulaumiwa: taa za leza za ukumbini. Miale ya leza ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi wakati wa kurekodi harusi inaweza kuacha mistari ya kudumu kwenye sensa. Kama doa lilianza baada ya sherehe, umeshapata jibu. Sensa iliyoungua haisafishwi na haitengenezwi kwa programu. Hapo, na hapo tu, kubadilisha kamera nzima kuna maana.

Dalili: pete kuzunguka jua

Tenganisha pete mbili. Moja iko angani kweli: duara kubwa, mbali na jua, lenye wekundu kidogo upande wa ndani. Jua likiwa juu, simama mahali ambapo paa la nyumba limelificha jua lenyewe na uangalie anga iliyobaki. Ukiliona duara kwa macho, ni mwanga unaopinda ndani ya chembe za barafu kwenye mawingu membamba ya juu sana. Umbali wake kutoka kwenye jua ni nyuzi 22, kiasi cha kiganja kilichotanuliwa kwa mkono ulionyooshwa. Ni jambo la hali ya hewa.

Ya pili ni ngazi za rangi, pete ndani ya pete, zenye kingo zilizokatika kama vigae. Hiyo hutokana na picha kubanwa inapotumwa WhatsApp. Linganisha na picha ya asili iliyo kwenye galari yako. Ikiwa ya asili ni laini, itume kama dokumenti badala ya picha. Bando litaliwa zaidi, ila anga itafika salama.

Dalili: madoa meusi juu ya uso wa jua

Jioni za kiangazi, jua likiwa jekundu na limepoa, watu hukuza picha na kuona vidoa vyeusi juu yake. Kwanza ni ndege au mdudu: piga picha nyingine, kitakuwa kimeondoka. Kisha ni kipande cha wingu au ukingo wa mlima wa ng'ambo. Kisha ni vumbi la kwenye lenzi, ambalo kipimo cha mwendo kitalifichua.

Jua lina madoa yake halisi, ndiyo, sehemu zenye joto dogo kuliko zinazozizunguka, na watu wameyachora kwa msaada wa darubini tangu miaka ya 1610 na 1611. Huongezeka na kupungua katika mzunguko wa karibu miaka 11, na mwaka 2024 yalikuwa katika kilele. Lakini fikiria vipimo. Jua linachukua nusu nyuzi tu ya anga. Kwenye kamera kuu ya simu yenye picha ya nukta 4,000 kwa upana, jua zima ni kama nukta 30. Doa lenye ukubwa wa dunia yetu halifikii hata nukta moja. Kundi kubwa sana lingeonekana kwa kamera ya kuvutia mbali na kichujio maalumu cha jua, si kwa simu tupu. Kwa hiyo doa jeusi lenye ukubwa wa robo ya jua kwenye picha yako si doa la jua.

Ukitaka kichujio cha kutazamia, kinachofaa ni miwani ya kupatwa kwa jua iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo, au kioo cha kuchomelea namba 14. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, santuri ya CD na miwani ya jua ya kawaida havifai hata vikipangwa viwili viwili. Vinapunguza mng'ao, mboni inatanuka, na miale isiyoonekana inapita. Mtoto akikuambia anaona doa katikati ya macho baada ya kutazama jua, mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, wala usimwekee dawa ya matone ya kununua dukani.

Ukifika kwa fundi

Nenda ikiwa doa limeganda na linaonekana kwenye karatasi nyeupe, ikiwa wingu la unyevu linarudi, ikiwa kioo cha kamera kina ufa, au ikiwa mgongo wa simu umevimba. Hilo la mwisho lisingoje kesho: betri iliyovimba ni hatari ya moto, zima simu, usiichaji na usiibonyeze. Kwa sababu hiyo hiyo usifungue simu mwenyewe kwa kisu ili kufuta vumbi, maana betri imelala karibu na kamera na ncha ya chuma ikiitoboa inaweza kuwaka mkononi.

Mpelekee fundi picha mbili, moja ya jua na moja ya karatasi nyeupe, umwonyeshe doa liko wapi kwenye zote mbili. Mwambie simu iliwahi kuanguka, kulowa au kufunguliwa. Akibadilisha chochote, kabla hujalipa piga tena picha ya karatasi ile ile mbele yake, kisha utoke nje ya kibanda uelekeze kamera penye mwanga na uigeuze polepole. Kidoa cha kijani kikikimbia kinyume na jua, usimrudishie simu. Lenzi mpya nayo hurudisha mwanga.